Padmaavat: dhahabu tele, bibi harusi hasemi

Haya jamani, tumeingia. Samahanini kwa mlio wa feni, Tanga leo joto halina adabu na nikiizima sifiki mwisho wa video. Leo nina Padmaavat, ile picha ya Kihindi ya mwaka 2018 mliyoniandama nayo kila nikifungua simu. Nitasimulia mpaka mwisho wake, kwa hiyo kama hujaiona na hupendi kusimuliwa, nipishe hapa hapa, tutaonana wiki ijayo.

Mnaonijua mnajua, kwa Sanjay Leela Bhansali, mwongozaji wa picha hii, mimi sisikii la mtu. Devdas ya 2002 niliiona sebuleni kwa mama nikiwa sijui neno la Kihindi, nikalia kwa sababu mama alikuwa analia. Bajirao Mastani ya 2015 nimeirudia mpaka mdogo wangu akanificha rimoti. Kwa hiyo sikuja hapa kama adui. Nimekuja kama shemeji aliyeitwa kwenye pilau akakuta nyama hamna.

Hadithi yenyewe kwa ufupi: Padmavati, binti wa kifalme wa Singhal, anaolewa na Ratan Singh, mfalme wa Chittor kule Rajasthan. Sultani wa Delhi, Alauddin Khilji, anasimuliwa uzuri wake na kuhani mmoja aliyefukuzwa Chittor kwa kosa lake mwenyewe. Sultani anawaka. Anakuja na jeshi. Basi.

Nianze na kusifu, maana mama yangu alinifundisha ukila kwa mtu usiseme chumvi kabla hujasema asante. Ile ngoma ya Ghoomar! Taa za mafuta, sakafu inang'aa, Deepika Padukone, ndiye Padmavati wetu, anazunguka na sketi inafunguka kama mwavuli. Nimeirudisha nyuma mara tatu. Na mkitazama vizuri kiunoni mtaona kitambaa kimekaa kama kimebandikwa. Kimebandikwa kweli, kwa kompyuta, baada ya watu kulalamika kwamba malkia wa Kirajput, ile jamii ya wapiganaji wa Rajasthan, hawezi kucheza tumbo wazi. Wakati picha inatengenezwa, mwanzoni mwa 2017, watu walivamia seti kule Jaipur na kumpiga mwongozaji mwenyewe. Jina nalo likabadilishwa: Padmavati ikawa Padmaavat.

Sasa sikilizeni. Kwenye harusi zetu za pwani bibi harusi akitolewa, anakaa juu, macho chini, hasemi. Sisi kina mama tunahesabu dhahabu, tunakagua hina, tunanong'onezana kitambaa kimenunuliwa wapi. Ni jambo zuri, na lina wakati wake: nusu saa, kisha tunakula. Bhansali kamkalisha Padmavati pale juu kwa zaidi ya saa mbili na nusu.

Kinachoniuma ni kwamba tunamwona mara moja akiwa mtu. Khilji anapomteka mumewe kwa hila na kumpeleka Delhi, huyu mwanamke anatulia, anapanga. Anadai kwanza kichwa cha yule kuhani mchochezi. Anakubali kwenda, lakini aende na wajakazi wake, na ndani ya yale machela wamejificha askari. Hapo nilikaa wima kwenye kochi! Nikasema sasa picha imeanza. Kumbe ndiyo ilikuwa inaelekea kuisha. Wakirudi nyumbani, akili ile ile iliyomtoa mfalme kifungoni inakuja kumwomba mume ruhusa ya kujitupa motoni, kwamba bila idhini yake hata kufa hawezi. Jamani!

Na Ratan Singh... Shahid Kapoor ni mwigizaji, nilimwona kwenye picha ya Haider, najua anachoweza. Hapa kapewa methali. Kila akifungua mdomo: Mrajput hivi, Mrajput vile. Kule Delhi anamkuta adui yake amelala, ana jeraha, anamwacha eti si uungwana kumuua mgonjwa. Mzee wangu, huyo mgonjwa ana jeshi!

Zamani mtaani tulikuwa na sheria moja: steringi hafi. Picha hii imeivunja, na hilo silo tatizo langu. Tatizo langu ni kwamba steringi alikuwa amekufa tangu mwanzo, anapumua tu.

Aliye hai ni Ranveer Singh, Khilji mwenyewe. Anaingia na mbuni amemfunga mnyororo, kamleta kama zawadi ili aozwe binti wa sultani. Nywele ndefu, wanja, kovu usoni, anararua nyama kama fisi. Nakiri, anafurahisha. Akitoka kwenye kioo unamngoja arudi. Lakini hapo ndipo mimi na Bhansali tuligombana kabisa.

Alauddin Khilji hakuwa malaika, tusidanganyane. Alimuua ami yake, ambaye pia ni mkwewe, mwaka 1296 akakalia kiti. Lakini mtu huyu alipanga bei za nafaka na nguo katika masoko ya Delhi na akaweka wapelelezi wa kukagua mizani. Alichimbisha lile bwawa la Hauz Khas. Lango lake, Alai Darwaza la mwaka 1311, limesimama mpaka leo pembeni ya mnara wa Qutb Minar kule Delhi. Na mwaka huo huo 1303 alioteka Chittor, karudi Delhi jeshi limechoka, Wamongolia nao hao wamefika mlangoni, akajichimbia kwenye kambi yake ya Siri mpaka wakaondoka. Hiyo peke yake ni picha! Badala yake tumepewa mtu anayekaa gizani. Chittor yote mwanga na maua, Delhi yote nyeusi na kijani cha ukungu wa kaburi. Hata mtoto wa miaka mitano ataelewa nani wa kuchukiwa, na anachukiwa kwa nini. Malaysia waliizuia kwa jinsi ilivyomchora huyu sultani Mwislamu. Mimi nisingeizuia, ningeichoka tu.

Malik Kafur, mtu wa karibu wa Khilji, ndiyo kabisa. Mtumwa aliyechukuliwa Khambat, bandari ile ile ambayo vitambaa na shanga zake zilifika mpaka pwani yetu, akapanda akawa jemadari aliyeongoza majeshi hadi kusini mwa India. Jim Sarbh anayemwigiza anajitahidi, lakini kaandikiwa kumkodolea macho bwana wake na kuchekesha ukumbi.

Mtaniambia, "dada, hii ni hekaya, si historia." Sawa! Padmavati wa hadithi hii anatoka kwenye utenzi wa Malik Muhammad Jayasi, wa mwaka 1540, zaidi ya miaka 200 baada ya vita. Mshairi Amir Khusrau, aliyekuwa na jeshi la Khilji pale Chittor na akaandika habari zake, hamtaji huyo malkia. Basi tupeni hekaya! Kwenye utenzi kuna kasuku anayesema, Hiraman, ndiye anayempelekea mfalme sifa za binti mpaka mfalme anaacha kiti na kuvaa nguo za mtawa kumtafuta. Bhansali kaweka mshale wa bahati mbaya porini. Mtu mwenye fedha za kujenga ngome nzima ameshindwa kumlipia kasuku?

Alama zangu: nguo tisa kati ya kumi, muziki saba, Ranveer nane, hadithi tatu. Ukitaka, tafuta Ghoomar peke yake, uache bando lako lipumzike.

Mwisho wake nauachia hapa. Niliangalia na mama. Mwanzoni kabisa yalipita maandishi kwamba picha haiungi mkono wanawake kujichoma, yakapita haraka, mama hakuwa na miwani. Kisha ikafika ile sehemu: mamia ya wanawake kwa nguo nyekundu wanatembea kuelekea moto, muziki unapanda, Khilji anakimbia, kamera inapunguza mwendo ili tuone kila pindo la shela. Pale mbele kuna mjamzito, tumbo limejaa kioo. Mama aliyemlilia Devdas usiku kucha hakutoa chozi. Alisema, "Zima."

Nikazima.