Uzoefu wangu: duka la risasi Dodoma lililotaka kuniuzia .45 kwa bastola ya .455

Nilisema nisubiri hasira ipoe ndipo niandike. Haijapoa, kwa hiyo mtanivumilia.

Ni duka la silaha hapa Dodoma mjini. Jina silitaji. Wenye leseni wenzangu mtalijua, maana hatuna pengi pa kwenda.

Nina bastola ya silinda, Webley Mk VI, ile inayokunjika katikati ukiifungua na kutema maganda yote sita kwa mpigo. Ilikuwa ya marehemu baba. Aliinunua kwa Mwingereza aliyekuja Kongwa kwenye mradi wa karanga wa 1947, mradi ukafa 1951 yeye akabaki, na alipofungasha kurudi kwao akaiuza kwa kibali cha polisi. Baada ya msiba niliifuatilia hadi leseni ikatoka kwa jina langu. Nalima zabibu Hombolo, na msimu wa mavuno hela inalala nyumbani kabla haijafika benki. Sihitaji kueleza zaidi kwa nini naitaka ifanye kazi.

Kaliba yake, yaani unene wa risasi inayotumia kwa sehemu ya inchi, ni .455. Imeandikwa hivyo kwenye leseni.

Basi nikaenda na leseni yangu pamoja na maganda matupu machache ya baba, ili muuzaji aone kwa macho ninachotafuta. Kijana yuko kaunta na simu mkononi. Shikamoo sikuipata. Nilikuwa natoka shamba, viatu vina vumbi, nadhani hesabu yake ilishafungwa nilipovuka mlango. Nikamwekea ganda mbele yake, limesimama. Ni kitu kifupi, kinene, shaba imekuwa ya kahawia kwa uzee, na kitakoni kina ukingo mwembamba unaotokeza nje. Chini imechongwa KYNOCH .455, inasomeka bila miwani. Hakulishika. Alilisukuma kwa ukucha mpaka likaanguka, akageuka, akashusha boksi la .45 za bastola za otomatiki.

"Hizi hapa mzee."

Nikamwambia mwanangu, hizo si zake. Akacheka. "Mzee, arobaini na tano ni arobaini na tano. Hiyo tano ya mwisho ni mbwembwe za Wazungu. Zinaingia hizi."

Zinaingia! Hapo ndipo nilipopandwa na damu, na hapo ndipo nataka kila mwenye silaha ya zamani asome taratibu.

Risasi ya .45 ACP, ndiyo hiyo aliyonishushia, haina ukingo wa kutokeza kitakoni. Ilitengenezwa kwa bastola ya magazini. Ravolva kama yangu inashika risasi kwa ule ukingo, ndio unaoizuia isizame na ndio unaolivuta ganda litoke. Huko Marekani, Webley nyingi zilizouzwa baada ya Vita vya Pili vya Dunia zilikwanguliwa silinda kwa nyuma ili zipokee .45 kwa vibanio vya chuma, na mpaka leo mafundi wao wanawaonya wanaozimiliki. Sababu ni shinikizo. .45 ACP inaruhusiwa kufika kama psi 21,000 (pauni kwa inchi ya mraba). .455 ni kama 13,000. Chuma cha 1915 kiliundwa kwa hiyo ya pili. Siku kikikataa, silinda inapasukia usoni kwako, na yule kijana atakuwa kaunta na simu yake.

Nikamwonyesha leseni: soma, .455. Jibu lake ndilo lililonimaliza. "Tutaandika hivyohivyo kwenye daftari, nani atafungua boksi?" Yaani ananiuzia risasi isiyo ya silaha yangu, kisha anaandika uongo kwenye daftari la serikali, nami nitoke nimebeba kosa lenye risiti. Mwaka 2015 tumetungiwa sheria mpya ya udhibiti wa silaha na risasi, kila punje tunaihesabu, halafu mwenye duka ndiye anayeifanyia mzaha!

Nilipokataa akaniambia hiyo bunduki yangu ni chuma chakavu, na maganda niyapeleke kwa wale wanaopima shaba kwa kilo.

Haya maganda. Huyu mtoto hajui kitu anachokidharau. Shaba ya ganda ni asilimia 70 shaba nyekundu na 30 zinki, inatanuka risasi ikilipuka na kunywea tena, ndiyo maana wenzetu Marekani wanaokota kila ganda, wanalinyoosha, wanaweka fataki mpya (kile kidude cha kitakoni kinachowasha baruti), baruti na kichwa kipya cha risasi. Wenye Webley wanakata ganda la .45 Colt na kuupunguza ukingo wake unene mpaka liwe .455. Elmer Keith, mwandishi wa mambo ya silaha wa Idaho huko Marekani, alijaza risasi zake za .44 Special kwa mkono miaka na miaka, kali kuliko za kiwandani, na kazi ile ndiyo iliyosukuma Smith & Wesson na Remington kutoa risasi kali zaidi, .44 Magnum, katikati ya miaka ya 1950. Haya ya baba hata huko yangesumbua kidogo: ukichungulia ndani kwa tochi unaona vitundu viwili vidogo badala ya kimoja cha katikati, ni mtindo wa Berdan, fataki yake haichokonolewi kirahisi. (Berdan alikuwa Mmarekani, na Wamarekani wakachagua ule wa kitundu kimoja, wa Boxer, Mwingereza.)

Lakini hapa kwetu siwezi kujijazia risasi nyumbani. Kutengeneza risasi bila leseni ya kutengeneza ni jela, na sina ugomvi na hilo. Ugomvi wangu ni huu: kama sheria inanifungia njia zote isipokuwa kaunta ya duka, basi anayesimama kaunta ajue kusoma kitako cha risasi. Ndiyo kazi yake nzima!

Nisiwe dhalimu. Yuko mama mmoja pale, anakaa upande wa vitabu vya hesabu. Alisikia kelele, akaja, akaliokota ganda, akalifuta kwa kitambaa, akasoma namba kwa sauti. Akaniita baba, akaniomba radhi, akaandika .455 Webley kwenye karatasi, na nilipomwambia Fiocchi wa Italia bado wanazitengeneza, akaandika na hilo. Alisema ataulizia kwa waagizaji wa Dar. Jirani yangu hununua kwake risasi za shotgun namba 12 na hajawahi kulalamika. Nilitoka pale nimeshatulia, nikasema hata kuandika siandiki.

Wiki kadhaa baadaye nikapiga simu. Akapokea yuleyule kijana. Kabla sijamaliza kujitambulisha nikamsikia anamwambia mtu pembeni, "ni yule mzee mbishi wa maganda," halafu kwangu: "Hazijaja, chukua zile za siku ile."

Zile za siku ile! Baada ya yote!

Kwa hiyo nafuta hata ile huruma ya juu. Mama yule ni mtu mwema, lakini silaha hainunuliwi risasi kwa bahati ya kumkuta nani zamu. Mimi pale sirudi, nimeanza kuulizia Dar mwenyewe. Wenye shotgun mnaolazimika kwenda, mwulizieni yule mama wa vitabu, fungueni boksi mbele yake, na msome kitako cha kila risasi mkiilinganisha na leseni kabla hamjatoa hela.