Tathmini ya seti ya vitendanishi vya kupimia vimeng'enya vya udongo wa msituni

Seti hii inauzwa kwa maabara zinazotaka kujua jinsi ongezeko la joto na naitrojeni vinavyobadilisha utendaji wa vimeng'enya katika udongo wa misitu, na baada ya kuitumia kwa udongo wa tabaka la juu, lenye mboji nyingi, naona inatimiza nusu tu ya kazi hiyo. Inapima vimeng'enya vinne: beta-glukosidasi, inayokamilisha uvunjaji wa selulosi, kile kinachovunja kitini ya kuvu, fosfatasi ya tindikali, inayofungua fosforasi iliyofungwa kwenye mboji, na fenoli oksidasi, ambayo ni miongoni mwa vile vinavyoshambulia lignini, kitu kinachoupa mti ugumu.

Vitatu vya kwanza vinapimwa kwa njia ya nitrofenoli, na hapa sina manung'uniko. Udongo huchanganywa na bafa (kimiminika kinachotuliza kiwango cha tindikali) na kitendanishi ambacho kimeng'enya hukivunja na kutoa nitrofenoli, ukaachwa kwenye joto kwa saa moja, kisha hutiwa sodiamu haidroksaidi ili kusimamisha mmenyuko na kukoleza rangi yake ya njano inayosomwa kwa spektrofotomita, kifaa cha kupimia ukolevu wa rangi. Shida ya udongo wa msituni ni kwamba alkali hiyohiyo huyeyusha mboji, kimiminika kikatoka cheusi kama chai ya rangi na kuifunika ile njano. Watengenezaji wameliona hilo wakaweka kalsiamu kloridi, ambayo hugandisha mboji na mfinyanzi vikabaki kwenye karatasi ya kuchujia. Sampuli moja iliporudiwa, majibu yalikaribiana vizuri.

Maelekezo, hata hivyo, yanaagiza nyuzi joto 37 pekee. Udongo ulio chini ya kivuli cha miti ni nadra kufikia joto hilo, na anayetafiti mabadiliko ya tabianchi anahitaji kupima sampuli ileile katika nyuzi 5, 15 na 25, jambo ambalo kiasi cha vitendanishi kilichomo hakiruhusu. Isitoshe, kipimo hufanyika katika maji tele, kwa hiyo athari ya ukame, ambao huzuia vimeng'enya kukifikia chakula chao, haionekani kabisa.

Udhaifu mkubwa uko kwenye fenoli oksidasi. L-DOPA, kitendanishi ambacho kimeng'enya hicho hukigeuza rangi, imeletwa ikiwa imeshayeyushwa, ndani ya chupa angavu, na nilipoifungua ilikuwa tayari imegeuka waridi, kwa maana huungana na oksijeni yenyewe hata bila kimeng'enya. Wala hakuna neli ya ulinganisho isiyo na udongo ya kuondoa kosa hilo. Kwa swali la naitrojeni, hiki ndicho kipimo kisichopaswa kukosewa: mara nyingi mbolea huinua glukosidasi na fosfatasi huku ikididimiza vimeng'enya vya lignini. Katika Harvard Forest, Marekani, ambako kuanzia 1988 viwanja vilitiwa kilo 50 au 150 za naitrojeni kwa hekta kila mwaka, fenoli oksidasi ilipungua pamoja na kuvu hai. Anayeisoma glukosidasi peke yake atadhani mboji inaoza kwa kasi zaidi, kumbe lignini inalundikana.

Maabara inayofuatilia fosfatasi au selulosi inaweza kuinunua bila wasiwasi, mradi iongeze vitendanishi vya kurudia kipimo katika joto la chini. Mtafiti wa naitrojeni anunue L-DOPA ya unga kando, aihifadhi gizani, na kuiyeyusha siku ileile ya kipimo.