Steshenari ya Rangi Tatu inayojua kuombea MD watu wa diploma

Nyota nne. Ya tano nimeizuia kwa sababu ya daftari, nitalieleza.

Ni ile steshenari ya mlango wa bluu karibu na stendi ya Mbagala Rangi Tatu, yenye bango la "Tunaomba vyuo, mikopo, ajira, RITA". Mabango ya namna hiyo yamejaa jiji zima, na dirisha la udahili likifunguliwa hata muuza vocha anageuka mtaalamu. Shida yao wengi wanamjua mwombaji wa aina moja tu: kijana wa Form Six, mchepuo wa PCB (fizikia, kemia, baiolojia), matokeo yametoka juzi. Ukienda wewe mtu mzima na diploma yako, wanabonyeza kozi yoyote ambayo mfumo umeikubali, wanapokea hela, kwaheri.

Mimi nina miaka 39, ni tabibu kwenye zahanati huko Mkuranga, na naomba MD, yaani shahada ya udaktari. Wakubwa zetu waliotaka kupanda walikwenda kozi ya AMO wakarudi madaktari wasaidizi. Njia hiyo ilishafungwa, kwa hiyo anayetaka kusogea sasa akakae darasani miaka mitano na watoto wa juzi, kisha mwaka mzima wa intern.

Nilipoingia, kijana wa kompyuta aliniuliza, "Mama, mtoto ana pointi ngapi?" Nikamwambia mwombaji ni mimi. Hakucheka. "Basi dada, sogea hapa. Fizikia ya Form Four ulipata nini?"

Kwa swali hilo tu nikajua nimefika kwa mtu anayesoma. Maana sisi wa diploma, mwongozo wa TCU, ile tume ya vyuo vikuu, unataka diploma ya Clinical Medicine yenye wastani wa B au GPA isiyopungua 3.0, halafu unakurudisha hadi kidato cha nne: angalau D ya hisabati, kemia, baiolojia, fizikia na Kiingereza. Kuna wenzangu wana GPA safi, wamezalisha akina mama usiku kwa mwanga wa simu, na wamekwama kwenye hisabati waliyoifanya wakiwa na miaka kumi na saba. Huyu kijana anakwambia mapema, kabla hujatoa hata mia. Mzee mmoja aliyekuwa mbele yangu aliambiwa arudi kwanza akafanye mtihani wa kujitegemea, na hakutozwa chochote.

Kisha alipanga vyeti vyangu mezani pamoja na kitambulisho cha NIDA, akayapitia majina herufi moja moja kwa ncha ya kalamu. Cheti cha Form Four kimeandika Ramadhan. NIDA wameandika Ramadhani. Mimi nimeishi na hiyo "i" miaka yote bila kuiona. Yeye akasema hapa hatuendelei, akanielekeza kwa wakili nikatengeneze hati ya jina kwanza, tukingoja AVN. AVN ndiyo ile namba ya NACTVET, baraza linalosimamia vyuo vya diploma, ya kuhakiki diploma yako, bila hiyo fomu ya chuo haikupokei. Kwa sisi wahitimu wa zamani inachelewa kama chuo hakijapeleka matokeo yako, na changu kilihitaji kupigiwa simu mpaka mhasibu akanijua kwa sauti. Ushauri wa kijana: anza na AVN, hayo mengine yatafuata. Ni sahihi kabisa.

Kwenye mkopo ndipo alipookoa hela yangu. Nilikuwa tayari nimeshika elfu thelathini ya maombi ya HESLB, yaani Bodi ya Mikopo. Akanigeuzia kioo nisome mwenyewe: mwombaji asizidi miaka 35 wakati wa kuomba. "Dada, hii kanunulie koti jeupe." Steshenari nyingine ingepokea, ikajaza, na jibu ningelipata mwenyewe baadaye. Iliniuma, sikatai. Serikali inayotuambia elimu haina mwisho ingeweza kuliangalia hili upya, hasa kwa mtumishi ambaye makato ya mshahara wake inayashika yenyewe.

Wana pia barua ya kuomba ruhusa ya masomo, tayari kwenye kompyuta: kwa Mkurugenzi wa Halmashauri, k.k. Mganga Mkuu wa Wilaya, k.k. Mganga Mfawidhi. Mfawidhi wa zahanati yetu ni mimi, kwa hiyo barua ingepita kwangu nijipe baraka. Tulicheka, akafuta mstari huo.

Sasa daftari. Liko juu ya kaunta, wazi, na ndani yake kuna majina ya waombaji, barua pepe walizofunguliwa hapo na nywila zao. Yeyote anayesubiri fotokopi anaweza kusoma. Mbaya zaidi, wasio na simu nzuri wanaandikiwa namba ya dukani. Sasa ukichaguliwa vyuo zaidi ya kimoja, namba ya siri ya kuthibitisha inatumwa kwa meseji. Itaingia kwa nani? Nilimwambia kijana, akasema hilo ni la bosi wake. Bosi nilipomwambia alisema "tutaliangalia", na lilikuwa bado liko pale nilipokuja kuchapisha fomu. Nenda na barua pepe uliyofungua mwenyewe, namba yako mwenyewe, na nywila andika wewe kwa mkono wako.

Bei: elfu kumi kwa chuo, ada ya chuo unalipa mwenyewe kwa kontroo namba. Kuskani mia tano kwa ukurasa, ambayo ni ghali kwa Mbagala, na vyeti vyetu sisi wazee ni vingi. Viti viwili tu, feni moja, na spika ya duka la jirani haizimwi.

Jumamosi usiende, wazazi na watoto wao wanajaa mpaka nje. Nenda Jumanne au Jumatano asubuhi, na umuulize kijana mwenye miwani. Yule mwingine hajui AVN ni nini.