Mimea hai ya tangi la samaki bila mtungi wa gesi: kiduka cha Ngamiani kilichonisaidia

Mimi ni fundi cherehani, Chumbageni, Tanga. Kwenye chumba changu cha kushonea nina tangi la kioo la lita 60, na wateja wanaosubiri kupimwa hukaa mbele yake. Kwa miaka miwili walikuwa wakitazama samaki wadogo wa guppy na majani ya plastiki yaliyokwisha kupauka. Nilipotaka mimea hai, niliagiza kwa simu kutoka duka moja la Dar. Vikaja kwenye basi vikonyo vitatu vya kijani, vizuri kweli. Wiki ya tatu vilikuwa vimelainika kama mchicha uliopitiliza jikoni. Kumbe ni ile mianzi ya bahati ya sebuleni, mmea wa nchi kavu. Mizizi ikilowa hauna shida, ila ukiuzamisha wote unaoza. Pesa yangu ikaenda na maji.

Ndipo shoga yangu akanielekeza kwenye kiduka cha samaki wa mapambo huko Ngamiani, mtaa wa nyuma ya soko. Kijana wa hapo aliniamkia, akanipa kigoda, nami nikamwambia nataka mtungi wa hewa ukaa, gesi inayolisha mimea, na vifaa vyake, kama ninavyoona kwenye video. Hakukimbilia kuuza. Akauliza, "Mama, taa yako wati ngapi?" Nikamwambia kumi. "Basi mtungi wa nini? Utaharibu hela yako bure."

Akanieleza taratibu. Gesi ile huongezwa pale penye taa kali na mimea yenye pupa ya kukua. Taa ikiwa ndogo, mmea unakula kidogo kidogo, na hewa ukaa inayotoka kwa samaki wakipumua, pamoja na uchafu unaooza chini, inautosha mmea mpole. Ukiongeza taa bila gesi, mimea inashindwa kuitumia, mwani wa kijani unaitumia badala yake. Kwa hiyo niwashe taa kwa muda wa saa sita tu kila siku, na tangi lisikae dirishani.

Kisha akauliza natumia maji gani. Ya kisima, nikasema, yale yanayoacha ukoko mweupe kwenye birika. Akafurahi! Akachagua Vallisneria, majani marefu kama utepe, kwa sababu yenyewe inaweza kujitafutia kaboni, kile chakula kilichomo kwenye hewa ukaa, kwenye chumvichumvi za maji magumu hata hewa ukaa ikiwa haba. Hilo sikuwahi kulisikia popote, na ndilo lililonifanya nimwamini.

Niliondoka na Anubias mbili za shilingi 15,000 kila moja, miche sita ya Vallisneria kwa 12,000, na Cryptocoryne mbili kwa 16,000. Akanipa na fungu la Ceratophyllum bure, lile linaloelea kama mkia wa paka. Vyote vimefungwa kwenye gazeti bichi, vimefika bila jani kuvunjika.

Anubias ndiyo iliyonikaa moyoni. Ina shina nene linalotambaa kama tangawizi, na kijana alirudia mara tatu, "Mama, hili usilizike, litaoza." Unalifunga juu ya jiwe. Nilitumia uzi wa pamba namba 40 kutoka kwenye droo yangu, mizunguko minne, fundo dogo kwa chini. Uzi wa nailoni haulegei hata mwaka upite, lakini wa pamba huoza wenyewe, na ulipokatika mwezi wa tatu tangu niufunge, mizizi myeupe ilikuwa imekwisha kulikumbatia jiwe. Jani jipya hutoka limejikunja kama kitambaa kilichoviringishwa, kijani cha embe changa, halafu hukaza na kuiva rangi. Linatoka jani moja kwa wiki tatu hivi. Mwenye haraka hapa hapamfai.

Sasa lawama. Hakuniambia kwamba Cryptocoryne ikihamishwa huweza kuyeyusha majani yote. Siku ya tano nilikuta ute wa kahawia umelala juu ya mchanga, nikadhani nimeuziwa tena kitu kibovu. Nilishaanza kung'oa, ndipo nikampigia. "Acha mizizi, kata yaliyooza tu." Baada ya mwezi vikachomoza vichipukizi. Lakini neno hilo angelisema siku ya kuuza, nisingelala na uchungu. Tena mimea ilikuja na vikonokono vidogo. Isuuzeni vizuri kabla ya kuitia. Na duka halina bei zilizoandikwa, lazima uulize kila kitu, jambo linalomchosha mgeni.

Nyingine niliyojifunza mwenyewe: mchanga chukua wa mtoni. Wa pwani yetu una chumvi na vipande vya makombe. Na pampu ya hewa isichemshe maji kwa mapovu mchana kutwa, maana inafukuza ile hewa ukaa kidogo uliyo nayo. Mimi yangu naiwasha usiku.

Leo ni mwezi wa tisa tangu niipande. Vallisneria imetuma vikonyo chini ya mchanga hadi ukuta wa pili, miche sita imekuwa zaidi ya thelathini. Ijumaa iliyopita nilimpelekea kijana wa duka miche kumi na miwili kwenye ndoo. Akaihesabu, akaenda nyuma, akarudi na Cryptocoryne ya majani mekundumekundu. "Hii ikiyeyuka, mama, usishtuke."