TAHADHARI WAFUGAJI: Fundi huyu wa kamera msimlipe kabla giza halijaingia

Wafugaji wenzangu, naandika hasira ikiwa bado mbichi. Nimepigwa shilingi 2,860,000, pesa ya mayai niliyoibana tangu Krismasi, na aliyenipiga ni kijana niliyempakulia ugali na kuku kwa mkono wangu, akala, akanawa, akasema "Mungu akubariki mama".

Wizi wa mwezi wa pili hapa kwangu mnaujua, sirudii. Baada ya pale baba watoto akasema hatulali tena bila macho mabandani. Getini na barazani tulikuwa nazo kamera mbili na rekoda yake ndogo, hazijawahi kusumbua. Tulichotaka ni kuongeza: moja banda la vifaranga, mbili banda la mayai la juu, mbili banda la chini kule ng'ambo ya mikorosho, na moja stoo ya chakula. Jumla nane, zote nizione kwenye simu hata nikiwa Temeke kwa mama.

Nikaenda Kariakoo. Na hapa naomba mnielewe, maana jana shemeji kaniuliza "ulimwaminije?" nikashindwa kujibu, nikalia. Sikumwokota barabarani. Ana fremu ya vioo, ana kijana wa kaunta, mashine ya risiti imekaa mezani. Akafunga kamera moja pale pale dukani, picha ikaja safi mpaka nasoma maandishi ya boksi lililo juu ya kabati. Akachora shamba langu kwenye karatasi kwa kunisikiliza tu. Halafu akaniambia mwenyewe, bila mimi kuuliza: "Mama, waya wa mtandao mwisho wake mita mia moja. Banda lako la chini liko mbali, fundi wa mtaani atakuvutia waya hivyo hivyo na utajuta. Mimi nitakuwekea busta njiani, kifaa cha kuusukuma mtandao ufike mbali." Niliporudi nyumbani nikaulizia, nikaambiwa ni kweli kabisa, kikomo ni mita 100. Sasa mtu anayekupa ukweli ambao hukumwomba, unamkataaje? Nikalipa 1,800,000 ya kuanzia.

Akaja Mkuranga Jumamosi saa mbili kamili asubuhi, muda ule ule aliosema. Mlangoni kwa vifaranga nina lile beseni la dawa ya kukanyaga, mnajua ninavyogombana na wageni juu yake. Huyu alichovya mabuti bila kuambiwa, la kulia, la kushoto, akaniuliza dawa imebadilishwa lini. Hapo ndipo aliponimaliza. Nikasema huyu ameshaingia kwenye mabanda ya watu, huyu anajua kwamba ugonjwa unaingia na kiatu.

Walifanya kazi yeye na vijana wawili mpaka alasiri. Waya zikapita juu ya nguzo, zimenyooka, zimefungwa vizuri. Kwenye mikorosho wakapandisha maboksi matatu meupe ya plastiki, kila moja na kitaa cha kijani. "Hizi ndizo busta, mama, msizifungue, zikiingia unyevu zimekufa." Kwenye hesabu yake busta hizo tatu ni 540,000. Rekoda yangu ya zamani akasema ni ya njia nne haiwezi kubeba nane, aiondoe anipunguzie 60,000. Nikampa. Nilimpa mwenyewe, nikamtafutia na mfuko wa kubebea.

Saa kumi na moja jioni akaniita sebuleni. Kwenye runinga vyumba vinane, vyote vinaonyesha. Nikaona kuku wanavyokunywa maji banda la chini. Nikaona kijana wangu anapita na ndoo. Nilifurahi, jamani, siwezi kusema sikufurahi. Nikapiga simu kwa mama palepale nikamwambia sasa nitakuwa nawaona kuku nikiwa kwake. Fundi akasema wanawahi foleni ya Kongowe, nimmalizie 1,060,000. Nikataka kulipa kwa lipa namba ya duka, akasema leo inasumbua, tuma kwa namba hii ya kijana wangu. Likatokea jina la mwanamke. Nikamwuliza, akajibu "laini ya mke wake hiyo mama, tuma tu". Nikatuma. Risiti nikaambiwa ataituma Jumatatu, mashine haina karatasi.

Saa moja kasoro dakika nane, giza linaanza kushika, kamera za banda la chini zikazima. Zikarudi. Zikazima tena. Ya stoo nayo. Chumba kinakuwa cheusi, kinakuja kama sekunde kumi, kinapotea. Usiku mzima hivyo. Asubuhi jua likitoka zote nzima, picha kama maji! Nikampigia, akasema mtandao unatulia ukizoea, nipe siku tatu. Siku ya nne vile vitaa vya kijani vikafifia vikazima vyote. Siku ya sita usiku wakaingia stoo: mifuko 9 ya chakula na trei 46 za mayai zilizokuwa zinasubiri gari la asubuhi. Kamera ya stoo iko juu ya mlango waliovunja. Ilichorekodi ni kufuli langu saa kumi na mbili na nusu jioni, likiwa zima.

Tangu siku hiyo simu yake haipokelewi. Nilikwenda dukani, kijana wa kaunta akasema huyo alikuwa amepangishwa meza tu, hawamjui. Meza! Na mimi nilimkuta amekaa kwenye kiti cha ndani anaagiza watu chai.

Mtoto wa dada yangu anafanya kazi za mitandao ya maofisini, akaja Jumapili na ngazi. Akashusha boksi la kwanza la "busta" akanifungulia mbele yangu. Ndani hamna kitu. Nasema hamna. Nyaya tatu zimekatwa na kusokotwa kwa mkono, zimezungushiwa selotepu nyeusi ya umeme, na pembeni betri mbili ndogo za rimoti zimefungwa pamoja na kitaa. Betri zilikuwa zimekwisha, ndiyo maana vitaa vilizima. Nililipa laki tano na arobaini kwa tochi na selotepu.

Akachukua kisu, akakwangua waya. Kwa nje rangi ya shaba, ndani mweupe kama sufuria. Ni alumini iliyopakwa shaba, na boksi lake limeandikwa shaba tupu. Akanieleza kwa nini zinakufa usiku: mchana kamera inatumia umeme kidogo, giza likiingia inawasha taa zake za kuonea gizani, inahitaji umeme zaidi, na umeme wenyewe unapanda kwenye waya huo huo wa mtandao. Waya wa alumini unapoteza umeme mwingi njiani kuliko shaba, na hapa ni mita 170 zenye viungo vya kusokota. Umeme ukifika umechoka, kamera inazima, inajiwasha, inazima. Na mchana zilikuwa zinaonyesha kwa sababu kwenye swichi, kile kisanduku kinachogawa mtandao na umeme kwa kamera, alisukuma kitufe cha kupeleka mtandao mbali kwa kasi ndogo. Kwa hiyo alijua. Alijua zitakufa usiku, ndiyo maana alikuwa na haraka ya foleni ya Kongowe. Hili ndilo linaloniuma kuliko pesa.

Diski ya kuhifadhi rekodi pia. Imebandikwa 4 TB, yaani kama GB 4,000, mwanangu akaingiza ukucha pembeni stika ikatoka, chini yake 500 GB na vumbi la miaka. Ndiyo maana rekodi za kamera za juu zilikuwa hazizidi siku tatu, wakati yeye alinihesabia wiki tatu na zaidi.

Mtu kama huyu afungwe. Siyo alipe faini akatoka akaenda kumliza mjane mwingine Kibaha au Chanika, afungwe, na zile meza za kupangishana Kariakoo anayepangisha awe anawajibika na anayempangisha. Kuuza diski yenye stika ya uongo ni bidhaa bandia, hilo ni la Tume ya Ushindani, nitafika kwao. Risiti hajatoa, nitafika TRA. Polisi RB tayari ninayo, ndiyo maana jina siliandiki hapa, nimeambiwa nisimshtue. Lakini na arudishe rekoda yangu. Ile ilikuwa nzima.

Mlioniuliza inbox niangalie nini, nilivyoelewa mimi: waya kwangua kwa kisu kabla haujapanda nguzoni, ukiona weupe rudisha. Boksi la waya wa shaba ni zito kuliko la alumini, hata mkononi unasikia. Zaidi ya mita 100 mwanangu anasema ni ama radio mbili za kurushiana mtandao hewani, zinazoonana uso kwa uso bila miti wala mabati katikati, au waya wa faiba, unaopitisha mwanga badala ya umeme, ambao radi ya masika nayo haipiti ndani yake. Busta lazima iwe na jina, namba na mahali pa kuchomeka umeme. Jina la anayepokea pesa lifanane na la duka. Yapo na mengine amenieleza, sikuyashika yote, kichwa changu hakipo. Kubwa ni giza: akae, ale, alale kama ni mbali, lakini pesa ya mwisho itoke baada ya saa mbili usiku ukiwa umeshaona kila banda.

Ni mrefu kiasi, mweusi, ana kovu dogo juu ya nyusi ya kushoto, anaongea taratibu sana na atakuita mama kila sentensi. Vijana wake wawili mmoja ana kofia ya bluu. Mwenzangu mmoja wa Vikindu kaniandikia usiku wa jana kwamba na yeye ana maboksi meupe kwenye miembe yake na vitaa vimezima. Jumanne saa mbili asubuhi tunakutana kituo cha polisi. Na wewe kama alikufungia, usiyatupe, yashushe uje nayo hivyo hivyo na selotepu yake.