Kutembezwa Mombasa nusu siku kwa gari la peke yetu: pesa haipotei, ila usifuate ratiba yao

Nianze na bei, maana ndilo swali la kwanza la kila ninayemsimulia. Tulilipa shilingi elfu kumi za Kenya kwa gari zima, tukiwa mimi, mume wangu, mama yangu na mtoto wetu wa darasa la tatu. Humo mlikuwa na dereva, mwongozaji, mafuta na maji ya kunywa. Kwenye simu waliniambia "dada, kila kitu kimo". Viingilio havikuwemo, nasi tulikuja kulijua hilo tukiwa tayari tumeshasimama langoni pa ngome ya Fort Jesus. Kampuni siitaji kwa jina kwa sababu nilipowauliza wenzetu waliowahi kutembezwa na kampuni nyingine, nimeambiwa mchezo ni uleule. Wewe omba uandikiwe kwenye WhatsApp kilichomo na kisichomo, moja baada ya jingine, kabla hujatuma hata senti.

Tulikuwa tumetoka Tanga kwa basi la Horohoro kwenda harusini Kisauni, na mama alikuwa hajakanyaga Mombasa tangu usichana wake. Magoti yanamsumbua. Kumpandisha na kumshusha matatu siku nzima kwenye joto lile isingewezekana, na safari za kundi nazo zinakwenda kwa mwendo wa kundi: ukichelewa chooni unatizamwa. Ndiyo sababu tukachukua gari la peke yetu. Kwa mtu mwenye mzee au mtoto, sioni njia nyingine.

Sasa ile ratiba waliyonitumia. Fort Jesus, Mji wa Kale, soko la viungo, hekalu la Wahindi, zile pembe kubwa za ndovu za bandia za Moi Avenue, wachongaji wa Kikamba kule Changamwe, kisha Haller Park Bamburi kuona viboko na makobe, yote ndani ya saa nne. Yeyote anayeijua Mombasa atacheka. Mji wenyewe ni kisiwa. Changamwe iko bara upande wa magharibi, Bamburi iko kaskazini ng'ambo ya daraja la Nyali, na kati ya hizo mbili kuna foleni ambayo haina saa yake. Ukiifuata ratiba hiyo, utakachokiona zaidi ni matako ya malori ya makontena. Haller Park ni mahali pazuri, sisemi vibaya; yale yalikuwa machimbo matupu ya kiwanda cha saruji mpaka René Haller alipoanza kupanda mivinje mwaka 1971, na leo ni msitu. Lakini ipewe siku yake. Usiku wa kuamkia safari nikawaandikia: toeni Bamburi, toeni Changamwe, tupeni muda zaidi ngomeni na Mji wa Kale. Wakakubali bila kinyongo, wala bei hawakupunguza.

Walifika hotelini saa moja na nusu asubuhi, kwa wakati, na hilo nawapa alama kamili. Gari lilikuwa safi. Kiyoyozi kilikuwa cha jina tu.

Ngome inafunguliwa saa mbili, na ushauri wangu ni kuwa mlangoni saa mbili hiyohiyo, kabla jua halijakaa sawa na kabla mabasi ya shule hayajaja. Kiingilio cha raia wa Afrika Mashariki ni cha chini kuliko cha wageni wengine, lakini lazima uonyeshe kitambulisho au pasipoti, kwa hiyo usiviache hotelini. Malipo ni ya simu. Sisi wenye laini za Tanzania tukaduwaa kidogo, mwongozaji akalipa kwa simu yake nasi tukamrudishia taslimu.

Mwongozaji wetu alikuwa kijana wa Mji wa Kale mwenyewe, ana kofia yake ya vito na makubadhi miguuni. Alianza vibaya. Alisimama chini ya lango akafungua mdomo, ikatoka kaseti: ngome hii ilijengwa na Wareno kati ya mwaka 1593 na 1596, mchoraji wake alikuwa Mwitaliano Giovanni Battista Cairati, imeingizwa katika Urithi wa Dunia wa UNESCO mwaka 2011, tafadhali fuateni upande huu. Yote sahihi, na yote kwa sauti ya mtu anayesoma risiti. Mama akamkatiza: "Mwanangu, sisi si Wazungu. Hebu tulia, utuhadithie."

Kijana akacheka mpaka akainama. Toka hapo tukapata mtu mwingine.

Alitukalisha kwenye kivuli cha ukuta akaanza habari ya Yusuf bin Hassan, kama mtu anayesimulia jambo la mtaani kwao. Baba yake, mfalme wa Mombasa, aliuawa kwa njama za Wareno. Mtoto akachukuliwa Goa akiwa mdogo, akabatizwa, akalelewa Kireno, akapewa jina la Dom Jerónimo, halafu akarudishwa kuja kutawala kwa niaba yao. Agosti 1631 akaingia humu ndani na watu wake, akamuua kapteni wa ngome, na Mombasa ikawa mkononi mwake, ingawa si kwa muda mrefu. Mwanangu aliuliza kwa nini walimruhusu kuingia. "Si walimjua," akajibiwa, "walimlea wao." Mama akatikisa kichwa, akasema hao Wareno hawakuwa na bibi wa kuwashauri.

Kisha mzingiro wa Waomani, kuanzia Machi 1696 hadi Desemba 1698. Hapa alifanya kitu nilichokipenda: hakutaja tarehe kwanza, alituuliza tunadhani watu walikuwa wanakunywa nini humu ndani karibu miaka mitatu. Tukaangalia chini, ni mwamba wa matumbawe mtupu. Ndipo akatueleza habari ya visima, njaa na maradhi yaliyoua watu kuliko risasi, na kwamba waliokuwa wamezingirwa hawakuwa Wareno peke yao; Waswahili walikuwemo pia, mmoja wa wakubwa wao mwana wa kifalme wa Faza. Mimi nimesoma historia mpaka kidato cha sita na hilo la Faza sikuwa nalijua. Shuleni tuliambiwa Waarabu walikuja wakawafukuza Wareno, nukta.

Ndani ya jumba la makumbusho kuna vitu vilivyoopolewa kutoka meli ya Santo António de Tanná, iliyotumwa kuja kuokoa ngome ikazama hapohapo chini mwaka 1697. Vyungu, vipande vya mbao, vitu vya kawaida kabisa. Lakini kilichotushika muda mrefu ni kile kipande cha ukuta chenye michoro ya mabaharia wa Kireno, wamechora kwa mkaa na udongo mwekundu: meli, samaki, watu. Meli zimechorwa na mtu anayezijua, kamba zote zipo mahali pake. Watu wamechorwa kama anavyochora mwanangu, kichwa duara na miguu miwili mikavu. Mtoto alisimama hapo kuliko alivyosimama kwenye mizinga, akataka kujua kama walichapwa kwa kuchafua ukuta.

Ngazi za kupanda juu ya kuta mama hakuzipanda. Alibaki chini na mlinzi mmoja wa makumbusho, mtu mzima mwenzake, na tuliporudi walikuwa wameshafika kwenye bei ya nazi. Kule juu ndiko unakoelewa mji. Upande huu ni bandari ya zamani, maji ya majahazi. Upande wa pili wa kisiwa ni Kilindini, kwenye kina, ambako Waingereza walipeleka meli kubwa na reli. Mwongozaji alitumia mkono wake kuwa kisiwa akatuonyesha na vidole. Pia alitugusia kwamba ngome hii ilikuwa gereza kuanzia mwaka 1895 hadi 1958, na kwamba wapo wazee mjini ambao kwao jina la Fort Jesus bado linamaanisha jela.

Mji wa Kale tuliutembea kwa miguu kutokea hapo, taratibu. Gari haina maana Ndia Kuu, ile njia kubwa ya Mji wa Kale. Vichochoro ni vyembamba na bodaboda zinakupitia ubavuni. Kwa sisi wa Tanga na kwa mtu aliyefika Unguja, milango ya nakshi haitakushangaza, na mwongozaji alilisoma hilo haraka akaacha kuisifia. Badala yake akatuonyesha roshani za mbao: ipi ya zamani kweli, ipi imetengenezwa upya, nyumba ipi inaanguka kwa sababu warithi wamekuwa wengi na hakuna anayetaka kuitengenezea mwenzake. Msikiti wa Mandhry unasemekana ni wa mwaka 1570. Mnara wake mweupe unapungua unene kadiri unavyopanda, na mkabala wake kuna kisima. Kwenye bandari ya zamani kamera ziwekwe mfukoni, picha hairuhusiwi, na hapo hakuna kubembelezana.

Karibu na hapo mama akasalimiana na bimkubwa mmoja aliyeketi barazani. "Mwatoka wapi?" "Tanga." "Tanga kwa nani?" Basi. Tulisimama pale mpaka ukoo mzima ukapembuliwa, kumbe yupo mtu wa Pangani aliyeolewa nyumba ya tatu, tukaletewa na maji ya baridi. Mwongozaji hakutazama saa hata mara moja. Alikaa kwenye ngazi akapiga gumzo na mume wangu habari za mpira. Kwa upande wangu elfu kumi yangu ilirudi pale. Ungekuwa na kundi la watu kumi na wawili, ungemvuta mama yako mkono umuombe radhi yule mwenye baraza.

Soko la Marikiti tulilipita kwa muda mfupi, tukanunua iliki na achari ya maembe. Bei ya viungo kwa anayeongea Kiswahili ni nzuri. Mwachie mama mzazi akuulizie, wewe usifungue mdomo.

Baada ya hapo ndipo dereva alipoharibu. Akasema tunapita mahali "dakika tano tu", tukajikuta kwenye ua wa duka la vinyago. Mlangoni wanampigia saluti yeye kabla ya sisi. Hatukuhitaji twiga wa mbao, tulihitaji kivuli. Muuzaji alitufuata rafu kwa rafu na mtoto akashika kila kitu, na ikatuchukua karibu nusu saa kutoka bila kununua. Najua wanavyoishi, anayeleta wageni anapata chochote, na sina ugomvi na mtu kula. Ila hiyo nusu saa ilikuwa yangu, nimeilipia. Mwongozaji aliona haya, akakaa kimya garini. Nikalisema wazi, kwa upole, na halikurudiwa.

Zile pembe za Moi Avenue ni za alumini, za miaka ya 1950, zilisimamishwa kwa heshima ya ugeni wa kifalme wa Kiingereza. Zipo barabarani. Utapita chini yake na utakuwa umeziona. Anayetaka picha ajue anasimama katikati ya tuktuk na matatu.

Tulimalizia Mama Ngina, ile bustani ya ufukweni iliyotengenezwa upya mwaka 2019, kwenye mibuyu. Nusu siku ilikuwa imeshakwisha kwa hesabu ya ofisi lakini dereva, nadhani kwa kufidia lile duka, alikubali kusubiri. Kuna wauza muhogo wanaochana vipande vyembamba juu kwa juu moja kwa moja kwenye mafuta, vinaungwa chumvi, pilipili ya unga na ndimu, vinaingia kwenye mfuko vikiwa bado vinalia. Meli ya makontena ikapita mlango wa bahari karibu kiasi kwamba mtoto alikuwa anapungia watu na watu wanampungia. Viti vipo, upepo upo, na mzee anaweza kukaa bila kununua kitu.

Nyota nne kati ya tano. Moja nimeiacha kwenye lile duka na ule uongo wa "kila kitu kimo".

Kama ni kijana, una miguu na uko peke yako, huhitaji gari. Panda tuktuk mpaka ngomeni, pale langoni utawakuta waongozaji wenye vitambulisho, patana na mmoja wa ngome na Mji wa Kale tu, utalipa sehemu ndogo ya nilicholipa mimi. Ukiwa na familia, chukua gari, lakini kataa Bamburi na Changamwe siku hiyohiyo. Omba mwongozaji wa Mji wa Kale na mwambie mapema kwamba mnataka Kiswahili, asije na ile kaseti. Wanawake tubebe mtandio, na Ijumaa uwe umemaliza vichochoro kabla ya adhuhuri. Siku ambayo meli ya watalii imetia nanga Kilindini uliza kwanza, maana ngome inajaa na bei zinapanda. Na bakshishi ya mwongozaji mpe mkononi mwake mwenyewe, usiipitishe kwa dereva.