TAHADHARI: Muuza nyaya za "dhahabu" Kariakoo bado anapiga watu

Wadau, yule jamaa wa nyaya za hom thieta ambaye tayari ameshaumiza watu hajafunga duka, hajabadilisha bango, wala hana wasiwasi wowote. Safari hii kampiga shemeji, na kampiga kisawasawa: waya wa optiko (unaopeleka sauti kwa mwanga) wa mita 3 kwa 145,000, HDMI (waya wa picha na sauti) ya mita 15 kwa 260,000. Laki nne na elfu tano zimekwenda. Waya wa kwanza unafanya kazi ileile ya waya wa bei ya chini kabisa sokoni. Wa pili haufanyi kazi iliyomfanya aununue. Jina la duka siliweki hapa, na walioumia kabla yake wanajua ni lipi.

Msimcheke kwanza. Shemeji mnamfahamu: mkaguzi wa hesabu, mtu anayesoma risiti ya mkate mstari kwa mstari. Sasa hivi hataki hata watoto wajue bei, na kila akiwasha TV anapunguza sauti mwenyewe ili mtu asiulize mbona spika za nyuma zimenyamaza. Someni alivyofanyiwa ndiyo mseme.

Ukiingia pale unakuta mlango wa kioo, kiyoyozi, TV ya inchi 65 ukutani, saundiba chini yake, sabufa pembeni. Hakuna mtu wa kukuvuta mkono. Muuzaji anaanza kwa kuuliza: ukumbi una urefu gani, TV ni ya mwaka gani, risiva (ile mashine inayoendesha spika) umeiweka mbele au nyuma ya makochi. Maswali ya fundi kabisa. Shemeji akasema anataka HDMI ya mita 20 ili nyingine ibaki akiba. Jamaa akakataa. "Ya 20 sikuuzii mzee wangu, mawimbi yatapotea njiani, chukua 15." Muuzaji anayekataa hela yako, utamshuku vipi?

Likaja onyesho. Akachomeka waya mweusi mwembamba wa optiko, akaweka kipande cha filamu chenye milipuko. Sauti ikatoka kavu, yote mbele, sabufa imelala. "Hii ndiyo wanayowauzia huko chini." Akachomoa. Akafungua boksi jeusi lenye kifuniko cha sumaku, akatoa waya mnene uliosukwa nailoni, vichwa vya chuma vya rangi ya dhahabu vimeandikwa 24K. Akachomeka upande mmoja kwenye TV, upande wa pili akauelekeza kwenye kiganja cha shemeji: doa jekundu likawaka. "Unaona mwanga ulivyo mkali? Dhahabu ndiyo inausukuma." Akamalizia kuchomeka kwenye saundiba, akachukua rimoti akisema TV lazima "iutambue" waya mpya, akaingia kwenye setingi, akabonyeza hapa na pale, akarudia kipande kilekile. Chumba kikatikisika. Shemeji akalipa palepale kwa lipa namba, na HDMI akaiongeza juu.

Wizi wote umefanyika kwenye zile sekunde za rimoti. TV haina njia ya kuutambua waya wa optiko. Tundu lile linatoa mwanga kwenda upande mmoja, hakuna kinachorudi kuieleza TV imechomekwa kitu gani. Alichobadilisha jamaa ni setingi ya sauti ya kidijitali. Kwa waya mwembamba aliacha PCM, ambayo kwa njia ya optiko inapitisha chaneli mbili tu. Kwa waya mnene akaweka Auto, ambayo kwenye TV nyingine imeandikwa Bitstream, na Dolby Digital ya 5.1, yaani sauti ya spika tano na sabufa, ikapita nzima. Saundiba nayo ina modi zake: ya mazungumzo inabana besi, ya sinema inaiachia. Chomeka waya mwembamba kwenye setingi hiyo ya pili, mtikisiko ni uleule.

Na ule mwanga. Optiko ya aina hii, TOSLINK, ilitoka Toshiba mwaka 1983. LED nyekundu, nanomita 650 hivi, inawaka na kuzima kwa kasi ndani ya uzi wa plastiki wenye kipenyo cha milimita 1. Umeme haupiti kwenye waya huo hata kidogo. Dhahabu hupakwa kwenye vichwa vya nyaya za umeme kwa sababu haishiki kutu; kwenye waya wa mwanga haina kazi yoyote zaidi ya kuongeza bei. Doa jekundu utaliona kwenye kila waya mzima, kwa sababu mwanga unatoka kwenye TV, hautoki kwenye waya.

Boksi limeandikwa "Atmos" (sauti inayokuzunguka mpaka juu) na "7.1" (spika saba na sabufa). Uongo mtupu, na huo ndio ulimfanya shemeji alipe bei ile. Njia ya optiko inabeba PCM ya stirio, Dolby Digital isiyozidi kilobiti 640 kwa sekunde, na DTS, mshindani wa Dolby, ya kawaida ya 5.1. TrueHD na DTS-HD Master Audio, zile za ubora kamili, hazipiti. Atmos ya Netflix inasafiri ndani ya Dolby Digital Plus, na TV ikiitoa kwa optiko inaishusha kwanza iwe Dolby Digital ya kawaida. Kikomo hicho kimo kwenye mfumo wenyewe, hata uvishe vichwa almasi.

Sauti ya kidijitali ikipata shida ya waya haipungui besi wala haipotezi "utamu". Inakatika, inalia tik tik, au inakata kabisa. Kwa hiyo optiko ikikaa kimya, kabla ya kukimbilia dukani kagua haya: kile kikofia cha plastiki angavu kwenye ncha kimetolewa? (Nyumba nyingi tatizo ni hicho tu, hakionekani kirahisi.) Kichwa kimeingia mpaka kikasema "tak"? Waya umekunjwa kona kali nyuma ya kabati? Umezidi mita 10? Kama vyote viko sawa na bado kimya, weka TV kwenye PCM. Sauti ikija, basi kifaa chako hakisomi Dolby au DTS, hasa vile vibokisi vidogo vya kugeuza optiko kuwa RCA nyekundu na nyeupe. Vingi vinaelewa PCM peke yake.

Waya wa koaksia, ule mwingine wa sauti ya kidijitali wenye tundu moja la chungwa, sina haja ya kuuchambua sana. Unataka omu 75, na ule wa njano wa picha uliokuja na deki ya zamani unakidhi.

Sasa HDMI, na hapa ndipo damu inachemka. Shemeji alishaulaza waya juu ya jipsamu, kutoka TV mpaka risiva nyuma ya ukumbi, jipsamu imezibwa na kupakwa rangi. Picha ikaja. Ukiweka 4K ya picha 60 kwa sekunde, skrini inazima kidogo kisha inarudi, na vidoti vyeupe vinamwagika. Sauti ya programu za TV ambayo ilipaswa kurudi kwenye risiva kwa ARC (njia ya kurudisha sauti kwa HDMI hiyohiyo): kimya. Fundi wa kwanza akalaumu TV, wa pili akazima na kuwasha CEC (setingi ya vifaa kuamrishana kwa HDMI) mpaka akachoka, wa tatu akataka kuifungua risiva.

ARC ilikuja na HDMI 1.4 mwaka 2009, eARC, toleo lake lililoboreshwa, ikaja na 2.1 mwaka 2017. Zote mbili zinahitaji pini ya 14. Kwenye nyaya za mwanzo pini hiyo ilikuwa akiba, haina kazi, kwa hiyo mtengenezaji mwizi anaiacha tupu: picha inakuja, mteja anaridhika dukani, tatizo linajitokeza siku ya kutumia ARC. Tukaweka mita ya fundi kwenye vichwa vyote viwili: pini ya 19 inalia, maana yake imeunganishwa, ya 14 kimya. Tukaukata. Unene wote ni mpira na nailoni, ndani kuna nyaya nyembamba kama nywele, jozi hazina karatasi ya foili ya kuzikinga, na sumaku inazishika. Shaba haishikwi na sumaku. Hicho ni chuma kilichopakwa shaba.

Na ile huruma ya "mita 20 sikuuzii" ilikuwa maigizo. Kwa waya wa shaba tupu usio na chipu, kasi ya 48 Gbps (gigabiti kwa sekunde) inaishia kwenye mita chache, kwa kawaida zisizozidi 5. Mita 15 za shaba zenye maandishi ya 8K na 48 Gbps hazipo, zaidi ya pale kwake. Umbali huo unataka HDMI ya faiba yenye chipu kwenye vichwa. Hiyo ina upande wa kifaa na upande wa TV, umeandikwa kichwani, ukigeuza hupati picha. Boksi lake litaje eARC, kwa sababu si zote zinazoirudisha sauti. Na ijaribuni sakafuni kwanza, 4K na ARC vyote, kabla hamjagusa jipsamu.

Kwa ukumbi kama wa shemeji kulikuwa na njia rahisi zaidi: risiva inakaa chini ya TV, HDMI inakuwa ya mita 2, kisha zinavutwa nyaya za spika za milimita za mraba 2.5 kwenda nyuma. Mita 15 kwa waya wa spika si tatizo. Halafu eARC yenyewe haihitaji kasi kubwa, haizidi 37 Mbps. Hata waya wa daraja la High Speed with Ethernet unaibeba. Muuzaji aliyajua haya. Mtu anayeuliza risiva iko mbele au nyuma anayajua.

Tuliporudi dukani jamaa hakubisha wala hakuona haya. Akageuza karatasi ya mkono aliyoandika mwenyewe, akaonyesha kidole: "Mali ikiuzwa hairudishwi." Akaongeza kwamba fundi ndiye aliyeuharibu. Kadi ya "garantii miaka 10" haina muhuri wala anwani. Risiti ya EFD? Mashine "ina tatizo la mtandao". Huyu anastahili kufungiwa, mzigo wake uchomwe, na arudishe kila shilingi. Tume ya Ushindani, FCC, ndiyo inayoshughulikia bidhaa bandia chini ya Sheria ya Alama za Bidhaa, na kubandika nembo ya HDMI kwenye waya wa aina hii ni bandia waziwazi. TBS nao wapewe. TRA wapewe hiyo habari ya EFD, pengine hao ndio watafika wa kwanza. Na wenye jengo wanaompangisha wanajua anachouza, nao waulizwe.

Dalili, kwa wanaotaka kwenda kununua kesho: boksi limeandikwa "HDMI 2.1 cable". Namba hizo ni za vifaa; waya halisi hutajwa kwa daraja, Premium High Speed kwa 18 Gbps, Ultra High Speed kwa 48. Stika ya Ultra ina QR inayosomwa na programu rasmi ya HDMI Cable Certification. Ya jamaa ukiiskani kwa programu hiyo haitambuliki. Ukitumia kamera ya kawaida inakupeleka kwenye ukurasa wa picha. Optiko yenye neno Atmos, achana nayo. Rimoti shikeni wenyewe wakati wa onyesho. Na lipa namba yake inaleta jina la mtu, si la duka.

Waya uliokatwa, boksi na karatasi ya mkono tunavyo. Malalamiko yanaandikwa kwa jina la shemeji, kakubali japo kwa kinyongo. Mwenye risiti, kadi ya garantii au picha ya boksi kutoka duka hilohilo anitumie inboksi kabla ya Ijumaa, iende yote kwa pamoja.